Mwalimu Miro Bragatto na Klabu Zake Thelathini na Moja

Padri Anselmo, dada yangu Dalva, wapwa zangu Lucimara na Renan, majirani, na nyinyi nyote mliosafiri kutoka miji ambako marehemu aliwahi kufanya kazi na, tusifichane, aliwahi kufutwa kazi, asanteni kwa kuja. Mimi ni Clóvis Furlanetto, kaka wa mjane wake, na nilikuwa kocha msaidizi wa marehemu kwa vipindi viwili vya maisha yake. Karatasi hii niliyokabidhiwa wameiandika Dalva na Lucimara jana kwenye meza ya jikoni, ni karatasi nzuri na tarehe zake ni sahihi, isipokuwa pana mahali pamoja pasipo sahihi, na nikifika hapo nitasimama.

Marehemu Valdomiro Teles Bragatto, ambaye mtaani tulimwita Miro na wachezaji wake wote walimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 hapa Santa Aurora, katika nyumba ya tatu kutoka stesheni, akiwa mtoto wa tano wa Bwana Achille Bragatto, fundi wa reli, na Bibi Zulmira Teles, ambaye alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto huyu alitembea akiwa na miezi tisa na tangu siku hiyo hakukaa tena. Alianza shule ya msingi Februari 1959, akaadhibiwa mara nyingi kwa kosa moja tu, kuwapanga wenzake upya kwenye madawati kila mwalimu alipogeukia ubao, kisha mwaka 1971 akajiunga na chuo cha elimu ya viungo mjini Piracicaba na kuhitimu Desemba 1974, huku akicheza beki wa kushoto katika timu ya Operário ya hapa nyumbani, mpaka Jumapili moja ya Agosti 1975 goti lake lilipokataa kuendelea.

Alifunga ndoa na dada yangu Dalva siku ya Jumamosi, tarehe 10 Januari 1976, tarehe aliyoichagua yeye kwa sababu ligi ilikuwa mapumzikoni, na baba yangu, ambaye hakumwamini mwanamume asiye na shamba la kahawa, alisema mbele yetu sote, "Binti yangu, huyu hutamlisha chakula cha moto hata siku moja," naye Dalva akamjibu, "Baba, hata kilichopoa kinashibisha." Walijaliwa watoto wawili, Lucimara aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1977, na Renan aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1981, ambaye baba yake alimwona kwa mara ya kwanza akiwa na siku arobaini na saba, kwa kuwa wakati huo alikuwa Teresina akipigana timu isishuke daraja. Ilishuka.

Kazi ya ukocha aliianza tarehe 5 Machi 1979 hapo hapo Operário, aliyemtangulia alifukuzwa asubuhi na yeye akavishwa filimbi mchana, na kutoka siku hiyo hadi mwaka 2018 karatasi hii ina orodha ya klabu thelathini na moja ambayo Padri ameniomba nisiisome yote, kwa sababu kaburi lina saa yake. Bauru, Teresina, Goiânia, Criciúma, Manaus, miezi mitano Kuwait, Manaus tena, kisha Londrina kwa siku kumi na tisa. Mnajua wenyewe mambo yetu, timu ikifungwa mara tatu rais wa klabu hawezi kufukuza wachezaji ishirini na watano, basi anafukuza mtu mmoja, na marehemu hakulalamika kamwe, ila katika nyumba zote alizopanga hakuwahi kupigilia msumari hata mmoja ukutani.

Dalva alimfuata kila alikokwenda mpaka mwaka 1986, mwaka ambao Lucimara, akiwa na miaka minane na shule ya nne, aliulizwa na mwalimu wake anaishi mji gani, naye akauliza, "Leo?" Baada ya hapo mama na watoto walirudi Santa Aurora moja kwa moja, na marehemu akawa anakuja Jumatatu na kuondoka Jumanne, katikati ya hapo akikaza bomba lisilovuja na kuhamisha makochi. "Dalva, kochi hili likicheza kulia, si tunapata nafasi?" Na Dalva, bila kuinua macho kwenye sufuria, "Limecheza kushoto miaka sita, Miro, na hatujafungwa."

Gazeti la leo asubuhi mmeliona. Limeandika: klabu thelathini na moja, bila kombe hata moja. Renan amelichana pale mlangoni, na mimi sikumzuia, lakini kulichana hakutoshi.

Mimi nilijiunga naye Februari 1987. Katika kazi yetu kuna desturi isiyoandikwa popote na kila mtu anaijua, kocha akifukuzwa, msaidizi wake anafunga mizigo naye, hata kama hakuna aliyemwambia aondoke, mliingia wawili mnatoka wawili. Kwa miaka tisa nilitoka naye mara tisa.

Sasa tumefika mwaka 1996, na hapa karatasi inasema, "Alifundisha klabu ya União ya Barranco Alto, akaondoka kwa makubaliano." Hapa ndipo ninaposimama. Dalva, kaa dada, naomba. Najua uliniambia jana niipite haraka hii aya, ukanihurumia, ukasema yalikwisha. Unachokijua wewe ndicho kilichokwisha. Lucimara, mshike mama mkono.

Hapakuwa na makubaliano yoyote. Jumapili tarehe 12 Mei 1996, Siku ya Mama, tulifungwa tatu kwa moja nyumbani, na rais wa klabu, Bwana Hermínio Sarti, muuza matrekta, alimfukuza Miro akiwa amesimama kwenye korido, bila hata kumwonyesha kiti. Miro akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akaniambia, "Beba koni, shemeji, mama yako anatungoja na makaroni," akaenda kuwasha gari. Nilikuwa nimeshazibeba, zile koni za mazoezi. Bwana Hermínio akanikuta mlangoni, akasema, "Wewe unakwenda wapi? Chukua mechi ya Jumatano. Jumatano tu." Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kuniita Mwalimu. Nikaziweka koni chini.

Hayo mnayajua, kwa sababu mji mzima ulinisema, na ulikuwa na haki. Msiyoyajua ni haya. Sikutoka kumwambia. Gari lake lilinguruma pale nje dakika arobaini, nalisikia kupitia dirisha la bafu, naona haya, naogopa, najiambia nitatoka sasa, nitatoka sasa, na mwisho nikamtuma mtunza vifaa, mzee Leôncio, yule aliyeketi mstari wa tatu, nikamwambia, "Mwambie atangulie." Leôncio akarudi na ukurasa uliochanwa kwenye daftari, umekunjwa mara nne. Nilidhani ni matusi, na ningeyapokea. Kilikuwa kikosi cha Jumatano. Majina kumi na moja kwa mwandiko wake Miro, beki wa kushoto Wanderlei amepelekwa kiungo cha kati, nahodha amewekwa benchi, mishale imechorwa, na chini ameandika, "Nilitaka kufanya hivi leo nikaogopa. Wewe usiogope."

Kwa hiyo alijua. Kabla Leôncio hajafika kwenye gari lile, Miro alikuwa ameshajua kwamba nitabaki, na muda wote ule alioningoja alikuwa akinifanyia kazi.

Jumatano tulishinda nne kwa sifuri. Kikosi kile kile, kwa mishale ile ile, kilicheza mpaka tarehe 28 Julai 1996, União ikawa bingwa wa Divisheni ya Pili ya jimbo, nikabebwa mabegani, na mtangazaji wa redio akaniuliza nilipata wapi akili ya kumtoa Wanderlei pembeni na kumweka kati. Nikamjibu, "Niliona mazoezini." Hayo ndiyo maneno niliyosema. Ukutani kwa União lipo bamba la shaba lenye jina langu, ndilo kombe langu la pekee katika maisha, na si langu. Leôncio anatikisa kichwa, asante mzee, umenisitiri kuliko nilivyostahili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, yangu imechukua miaka ishirini na saba.

Machi 1997 Bwana Hermínio alinifukuza na mimi, kwenye korido ile ile, na msaidizi wangu, ambaye sikuwa nimemwambia neno, nilimkuta mlangoni ameshabeba koni. Niliingia kwenye gari nikashindwa kuwasha. Baada ya hapo hakuna klabu iliyonitaka, habari ilishatangulia kila mahali, "Yule ni wa kubaki," nikauza matairi miaka kumi. Krismasi, chakula cha mchana kwa mama kililiwa kwa zamu mbili, na Dalva, mwenye ulimi wake, alitangaza zamu hizo kutoka jikoni, "Saa sita wanakula Bragatto, saa nane wanakula wasaliti." Ulinikasirikia kwa sababu ya kibarua, dada. Habari ya ile karatasi hukuijua, kwa sababu mumeo hakukwambia, hakumwambia mtu, na mimi niliona kimya chake kinanifaa nikakaa ndani yake.

Jumanne tarehe 9 Januari 2007 simu ililia dukani. "Clóvis, niko Arapiraca. Sina mtu wa kupanga koni. Jumatatu, saa moja asubuhi." Nikasema, "Miro, kuhusu ile Jumapili..." Akasema, "Jumatatu, saa moja," akakata. Nilisafiri kwa basi siku mbili, nikafika Jumapili nisije nikachelewa.

Tulifanya kazi tena pamoja hadi mwaka 2018, tukafukuzwa mara nane, na safari hizo mimi ndiye niliyekuwa nikitangulia kwenye gari. Kule Paraíba, baada ya kufungwa mbili bila, nilikaa garini na mizigo yetu yote zaidi ya saa nzima, mpaka Miro akaja kugonga kioo. "Unafanya nini humu?" Nikamuuliza, "Kwani hawajakufukuza?" Akasema, "Walikuwa hawajafikiria. Sasa rais amekuona umefunga mizigo, ananiuliza naondoka lini." Wiki iliyofuata tulifukuzwa, na mpaka anaingia hospitali aliwaambia watu kwamba yeye ndiye kocha wa kwanza Brazil kufukuzishwa kazi na shemeji yake.

Mwezi Aprili mwaka huu alianza kusumbuliwa na tumbo, tarehe 2 Mei madaktari wakagundua saratani ya kongosho, na tarehe 11 Septemba akalazwa. Hakulala. Alitembea wodini akisukuma chuma cha dripu, akawashauri wagonjwa wabadilishane vitanda ili wanaokoroma wakae upande mmoja, mpaka muuguzi Ivanilde akamwambia, "Mwalimu, hapa ni wodini. Rudi kitandani kabla sijakutolea kadi." Mara tatu nilijaribu kumwambia habari za ile Jumapili, mara tatu akaniuliza matokeo ya ligi. Jumanne iliyopita, tarehe 17 Oktoba, nilisema yote kwa mkupuo ili asipate pa kunikatiza, gari, bafu, karatasi, redio, bamba. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akauliza, "Wanderlei alicheza vizuri pale kati?"

Miaka ishirini na saba hakuwahi kumuuliza mtu, na mechi zile hakwenda kuziona. Nikamwambia alicheza vizuri sana, Miro, uwanja mzima ulisimama. Akasema, "Nilijua." Baadaye kidogo akasema, "Siku ya mazishi usome wewe. Tarehe unazijua wewe." Nilimpenda mtu huyu kuliko ndugu zangu wa damu, Dalva unisamehe, na nilimwibia kitu pekee alichokikosa.

Valdomiro Teles Bragatto alifariki dunia Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na wachezaji ambao hakuna awezaye kuwahesabu.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi, na zaidi Ivanilde ambaye hakumtolea kadi, tunawashukuru majirani wa mtaa wa stesheni waliopika na kukesha nasi, na makocha wenzake, wakiwemo waliochukua nafasi zake na wale aliowachukulia zao. Viongozi wa União mlio hapa, nawaomba lile bamba lishushwe kesho, bisibisi nitaleta mwenyewe. Mvuliwa nguo huchutama, lakini mimi nimejivua, basi niacheni nimalize nikiwa nimesimama.

Aya ya mwaka 1996 isomeke hivi, na mwandishi wa gazeti, naomba uiandike: Mwaka 1996 marehemu alifundisha klabu ya União ya Barranco Alto, ambako tarehe 12 Mei alifukuzwa bila kosa na kuachwa bila kuagwa, na pamoja na hayo, kwa kikosi alichokipanga kwa mkono wake mwenyewe, tarehe 28 Julai alitwaa ubingwa wa Divisheni ya Pili ya Jimbo la São Paulo.

Pumzika sasa, shemeji. Wiki hii hatuna mechi.