Kifua cha Fundi Viatu

Benchi letu liko pale konani, kati ya kibanda cha kinyozi na duka la dobi. Asubuhi hiyo fundi viatu, mtu asiyeishiwa maneno, alikaa kimya. Kiganja kifuani, jasho linamtiririka na baridi yote ile. Kahawa yake ilipoa mkononi. Nasi kijiweni, mgonjwa ni mada.

— Kinabana vipi? akauliza Profesa, uprofesa wenyewe wa miwani tu.

— Kama nimekaliwa na mtu mnene, akajibu fundi. Na mkono wa kushoto umekufa ganzi.

— Gesi hiyo! akadakia Kinyozi, wembe mkononi. Unakula kama unafukuzwa. Cheua.

— Gesi wapi! Kiungulia huchoma ukilala umeshiba. Huyu hajatia kitu mdomoni. Nasema pumu.

— Pumu inapiga filimbi, Profesa. Umesikia filimbi hapa?

Dobi akainama, akatega sikio kifuani mwa fundi kama anayesikiliza redio mbovu.

— Filimbi hamna. Kikohozi hamna, homa hamna, basi nimonia si yenyewe. Ni gundi ya viatu! Kaivuta miaka yote, mapafu yamegandana kama soli.

— Basi anywe petroli, yabanduke!

Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi alijaribu kucheka nasi, akaishia kushika taya.

— Maumivu yamepanda huku sasa, akanong'ona.

— Jino! akapiga kelele Kinyozi. Mzizi umeshuka hadi moyoni.

— Si tumpeleke hospitali? nikasema, nikimimina kahawa nyingine.

— Haraka haraka haina baraka, akanikatiza Profesa. Kwanza tukubaliane ugonjwa. Halafu huyo daktari ataona nini? Moyo wa mtu kichaka!

Hapo akatokea mke wa fundi, kamletea mumewe koti.

— Karibu kahawa, shemeji, tukasema.

Hakuitikia. Akamgusa mumewe shingoni, akakuta jasho la baridi.

— Baba watoto, una nini?

— Tunamchunguza, shemeji, akasema Dobi. Kifua kinabana, mkono una ganzi, taya linauma…

— Yote hayo mmeyaona. Mbona bado yuko hapa?

Profesa akavua miwani, akaifuta. Akaifuta tena.

Kinyozi alichomoka hadi barabarani kusimamisha teksi, wembe bado mkononi. Teksi ya kwanza ikakimbia. Ya pili ikasimama kwa woga. Tukambeba fundi asipige hata hatua, tukajazana naye humo, magoti vifuani.

Hospitali walimwingiza ndani mbio. Tulisimama ukutani bila utani hata mmoja, mpaka daktari akatoka. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, wameuzibua. Atapona. Shemeji akakaa chini sakafuni, akalia.

— Nyinyi ndio ndugu zake? daktari akatuuliza.

Tukanyoosha mikono wote.

— Nani alikuwa naye maumivu yalipoanza?

Mikono ikashuka. Wa Profesa tu ndio ulibaki juu, unamwonyesha Kinyozi.