Brigadia Emiliana, Mwonjaji wa Kituo Chetu

Ijumaa tarehe 27 Machi 2026, Brigadia Emiliana Nduwayo anavua sare ya polisi baada ya kuivaa kwa miaka ishirini na mmoja. Sare hiyo imepanuliwa kiunoni zaidi ya mara moja, na sababu si uvivu, kama wanavyodai wenzetu wa usalama barabarani. Sababu ni kazi, na wasifu huu utaieleza.

Wazazi wake ni wakulima wa Gashoho, lakini yeye alizaliwa ukimbizini Tanzania, upande wa Kigoma. Alirudi Burundi akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata majirani wakadhani kila salamu yake ni hotuba. Mwaka 2005 aliingia polisi, akapangiwa Muyinga.

Kwa vijana walioajiriwa juzi, ni vizuri kukumbusha kwamba kituo chetu hakikimbizi wezi tu. Juu yuko komiseri. Chini yake wapo wa barabarani wenye filimbi, na wapelelezi wanaoandika maelezo na kupeleka majalada kwa mwendesha mashtaka. Wapo wanaolinda soko na mahakama, na wapo wanaopanda vilima kumpelekea mtu hati ya wito. Halafu kuna mahabusu, ambako hakuna anayeomba kupelekwa. Emiliana, brigadia wa kawaida na si ofisa, amepita karibu kote.

Barabarani alipambana na waendesha baiskeli wanaoshikilia malori ili wavutwe kupanda mlima. Siku moja alimtenganisha mmoja na lori lake, kisha akamwona kijana wa watu amebaki na mikungu ya ndizi na kilima kizima mbele yake. Brigadia aliweka filimbi mfukoni, akasukuma baiskeli naye hadi juu. Kituoni alifika jasho linamtiririka, na faini hakuandika.

Kwenye hati za wito alijifunza vilima vyote vya Gashoho na adabu zake. Huko, ukimletea mtu habari mbaya, bado anakukaribisha pombe ya ndizi. Na mwenye nyumba huonja kwanza mbele yako, ili ujue haina sumu. Emiliana ni mlokole, hanywi. Ilibidi aombe uji, na uji nao ukaonjwa kwanza. Baadaye alihamia Kobero, mpakani, ambako madereva wa Tanzania na wafanyabiashara wa Kivu waligombea kuandikiwa maelezo na yeye, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kurudia neno.

Mwaka 2012 alikabidhiwa mahabusu, na hapo ndipo jina lake lilipokua. Kwa desturi yetu, aliyeshikwa huletewa chakula na ndugu zake. Lakini dereva wa lori kutoka Kahama ataletewa na nani? Wiki yake ya kwanza alimkuta mmoja, Sudi, ameketi pembeni akiangalia sahani za wenzake. Emiliana, mtoto wa kambi, aliyekua akiona watu wanapanga foleni kwenye sufuria moja, hakufikiri mara mbili. Kesho yake alipokea vyombo vyote mlangoni, akamimina maharage ya kila familia kwenye sufuria kubwa, akaanza kugawa.

Hakuna aliyekula. Familia zilipiga kelele uani, na mahabusu walisukuma sahani nyuma. Mzee mmoja alimwambia usoni, "We mama, mi siwezi kula kitu yenye sijui nani alipika!" Kwetu chakula kisicho na mwenyewe kinaogopwa, na Brigadia wetu alikuwa amekifanya cha watu kumi kisiwe na mwenyewe. Ni kosa ambalo angelifanya mtu aliyekulia kambini tu, na siku hiyo hata Sudi alilala njaa.

Wengi wetu tungeiacha hapo. Yeye kesho yake alisimama mlangoni, akachota kijiko katika kila chombo, akala mbele ya waliopika na mbele ya waliofungwa, ndipo akachanganya. Walimtazama mdomoni, wakasubiri kidogo. Hakuanguka. Wakala. Tangu siku hiyo ameonja kila mchana: maharage mabichi nusu, dagaa wenye mchanga, ugali wa muhogo wenye ladha ya moshi. Sasa mnajua habari ya kiuno.

Mwaka 2018 alihamishiwa Gitega kufundisha askari wapya. Huko walimpenda, na hadi leo wapo maofisa wanaosimama wima wakisikia jina lake. Lakini Muyinga sufuria lilikufa wiki ileile. Chakula kiliendelea kuja, ila hakuna aliyekubali kuwa mdomo wa kwanza, kila familia ikarudi kulisha mtu wake. Aliporudi baada ya miaka mitatu alilikuta limewekwa mchanga wa kuzimia moto. Alilisugua mwenyewe, akimsema kila aliyepita.

Kwa hiyo tangu Januari swali moja lilitembea kituoni: akiondoka, nani ataonja? Komiseri Olivier alipendekeza tupokezane. Ghafla tukagundua kwamba kituo kizima kina vidonda vya tumbo. Emiliana hakucheka. Alisema sufuria likifa mara ya pili halitafufuka, na tukaona usoni mwake kwamba alikuwa na huzuni kweli.

Jumatano wiki hii tulikuwa na mahabusu wawili kutoka kilima kimoja cha Gashoho, Urbano na Donatien. Urbano alirudi kutoka Tanzania akakuta Donatien analima shamba ambalo yeye analiita la baba yake. Kesi iko mahakamani, lakini wao hawakuisubiri, walipigana kwa majembe. Wake zao, Anisia wa Urbano na Lucia wa Donatien, walikuja mchana na vyombo vyao, wakasimama pande mbili za ua bila kusalimiana. Wahenga walisema adui mwombee njaa, na wale wawili walikuwa wanaomba kwa bidii.

Emiliana alifunua vyombo vyote. Kisha akaweka kijiko juu ya meza, akafunga mikono, akasema yeye anaondoka keshokutwa, na leo haonji. Komiseri aliangalia viatu vyake. Ndani, mahabusu walisogea kwenye nondo, na miongoni mwao walikuwapo wasio na ndugu, waliojua wazi kwamba chakula chao kiko kwenye kijiko kile. Tulingoja mpaka ikawa aibu. Hakuna askari aliyesogea.

Aliyesogea ni Lucia. Alichukua kijiko, akapita chombo chake mwenyewe bila kukigusa, akachota maharage ya Anisia. Alitafuna polepole, akameza, akatugeukia kwa hasira.

"Munaniangalia nini? Maharagi iko muzuri. Chumvi tu ndiyo imezidi."

Anisia alimpokea kijiko mkononi, akaonja ya Lucia. Alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka. Mama mwingine akaja, na mwingine, kila mmoja akionja cha mwenzake, ndipo vyote vikaingia sufuriani. Shamba halijaamuliwa, na Lucia na Anisia walirudi Gashoho kila mmoja kwa njia yake. Lakini jana walikuja tena, na kijiko kilipita mikononi mwao kabla Emiliana hajafika mlangoni. Alipofika alikuta watu wanakula. Akapewa sahani ya mwisho, akaenda nayo nyuma ya jengo, tukamsikia akilia na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Brigadia Emiliana, asante kwa filimbi, kwa vilima, kwa Kobero na kwa Gitega. Asante zaidi kwa wale waliofika kwetu bila ndugu wakaondoka wameshiba. Rudi Gashoho salama, na Mungu akujalie miaka mingi ya utulivu, ule sahani yako ukiwa umeketi, bila mtu kukutazama mdomoni.