Sindano za Kabla ya Baridi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, kwenye kona inayotazamana na kliniki ya tiba ya Kichina. Muuza kahawa hukaa upande wa kivuli na birika lake, na wateja wake wa asubuhi ni walewale: Kamanda, mlinzi wa ghala ambaye hajawahi kukamata hata paka, Profesa, fundi redio aliyeacha shule mapema lakini hakuacha kujibu maswali, na Fundi Vigae. Siku hiyo jua lilikuwa limekaza, watu wanajipepea na magazeti, na Fundi Vigae alikuwa na miadi saa tatu ya kuchomwa sindano za magoti, zile nyembamba zisizo na dawa, zinazoachwa mwilini kwa muda kisha zikachomolewa. Magoti yenyewe hayakuwa yakimuuma. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia.

– Hebu nielewe, – alisema Profesa. – Unaumwa?

– Leo siumwi.

– Jana je?

– Jana pia sikuumwa. Naumwa baridi ikiingia, na baridi ni mwezi ujao. Daktari wa hapo ng'ambo anasema maradhi ya baridi wao huyawahi kukiwa bado na joto.

– Sasa wewe usiyeumwa ukijaza kliniki, wanaoumwa waende wapi?

Wakacheka. Fundi Vigae hakucheka. Baridi iliyopita magoti yalimvimba akakaa ndani miezi miwili, hata chooni akienda kwa kushikwa mkono. Msimamizi wake alimwambia bila kumung'unya maneno: ukilala tena mwaka huu, natafuta mwingine. Na fundi vigae asiyeweza kupiga magoti atafanya kazi gani, aning'inie kwenye dari? Alikuwa na miaka hamsini na moja, kazi nyingine haijui. Sindano alikuwa anaziogopa, tena sana, ila alishaamua.

Akakunja suruali hadi mapajani. Magoti yote mawili yalikuwa yamechorwa mistari ya penseli.

– Na hii nini? – Kamanda aliuliza.

– Ramani. Daktari aliniambia maumivu yana njia zake mwilini. Basi nimempimia kabisa, asihangaike kupapasa.

Mistari ilikuwa imenyooka, imekutana kwa pembe kamili, na sentimita zimeandikwa pembeni. Muuza kahawa aliweka birika chini ili acheke vizuri.

– Mimi wasiwasi wangu ni matundu, – alisema Kamanda. – Sindano ishirini ni matundu ishirini. Wewe unaikimbia baridi, huku unaifungulia milango.

– Matundu si kitu, – Profesa alidakia. – Tatizo ni umeme. Mwili una umeme, na ukichomeka chuma pasipo mahali pake, umeme unahama. Utakwenda na goti, utarudi sikio linashika stesheni.

– Kuna mtu alichomwa wakati wa joto hivihivi, – Kamanda aliongeza, – mwili ukapoteza majira. Baridi ikija yeye anatoka jasho, joto likija anaomba blanketi.

– Ulimwona?

– Niliambiwa na mtu anayemjua shemeji yake.

– Na wakizichomoa wanazihesabu? – aliuliza muuza kahawa. – Maana moja ikibaki, hiyo inatembea. Leo goti, keshokutwa moyo.

– Wanazihesabu, – alijibu Fundi Vigae. – Na nitahesabu nao.

– Tulia bwana, – Profesa alimshika bega. – Sisi ni ndugu zako, ndiyo maana tunakuambia. Kunywa kahawa. Baridi ikija, sisi tupo.

Muuza kahawa akamjazia kikombe. Fundi Vigae akapiga funda moja, kisha la pili, na saa tatu inakaribia. Mwanamke mmoja aliyevaa aproni ya kazi akaja kwa haraka, akasimama mbele yao.

– Hamjambo.

– Hatujambo, dada. Kahawa?

– Nashukuru. Nimemfuata huyu, nilijua tu atakuwa hajaingia.

– Kwani wewe nani kwake? – aliuliza Kamanda.

– Mke wake.

Miaka sita wanakunywa kahawa na mume wake kila siku, na yeye hawakuwahi kumwona. Profesa akampangusia nafasi kwa kiganja.

– Karibu, shemeji. Tulikuwa tunamshauri kindugu tu. Baridi ikija, sisi tupo.

– Kumbe ndio ninyi. Kwetu mnapajua?

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia. Kamanda akatazama buti zake. Muuza kahawa akafuta birika lililokwisha kufutwa. Fundi Vigae aliwaonea aibu, halafu uchungu ukampanda, ule alioumeza kitandani miezi miwili, kila jioni akisikiliza hodi na kujiambia leo watakuja. Akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa nusu, akainuka.

– Ni wapi, shemeji? – Kamanda aliuliza kwa sauti ya chini.

– Nyuma ya shule, mtaa wa pili. Mtaona baraza lina vigae mpaka katikati, mbele yake saruji tupu. Hapo ndipo magoti yalipomkatalia.

Fundi Vigae alikuwa ameshavuka barabara.