Jino la Nyangumi la Hakimu

Katika basi la kwenda mjini Suva, Bi Mereoni, aliyefunzwa na wamisionari kwamba udadisi ni dhambi, alimwuliza Apenisa, kijana aliyeketi kando yake, anampelekea nani lile jino la nyangumi alilolipakata, ambalo kwa mila yao hutolewa kuombea radhi.

"Hakimu, mama. Aliniamuru nimrudishe binti yangu kwa mama yake Jumapili, nikamrudisha Jumatano. Leo nina kesi ya kuidharau mahakama. Asipolipokea, mtoto simwoni tena."

"Na mama yake je?"

"Huyo tena wa nini? Aliyedharauliwa ni hakimu."

"Mwanangu, hakimu hakukesha dirishani akimngoja mtoto."

Apenisa akaligeuzageuza jino mapajani. Basi lilisimama mbele ya mahakama, na langoni mtalaka wake, mama wa mtoto, alikuwa amekwisha fika.

"Jino ninalo moja tu, mama," alisema, asishuke.