Madam Mabano na Jibu Nililolifuta

Baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki, Mwalimu Bathsheba Bogonko anastaafu Jumatatu, tarehe 31 Machi 2025.

Alianza kazi Rangwe mwaka wa 1991, akahamia Sori, na kwa miaka kumi na sita sasa tuko naye hapa Suna. Wanafunzi humwita Madam Mabano, kwani haanzi hesabu yoyote kabla ya kugonga ubao mara mbili penye mabano.

Mimi Okari, mkuu wa somo la hisabati, nimeombwa niandike mazuri yake. Zuri kubwa ninalolijua linaniaibisha.

Mwaka juzi nilitunga mtihani wa gredi ya sita. Swali la tisa lilikuwa 24 ÷ (6 ÷ ½). Niligawa kuanzia kushoto kana kwamba mabano hayapo, nikapata 8. Msichana mmoja, Lorine, aliandika 2. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwamuru afute jibu lake aandike langu. Alilia hadi kengele ya mapumziko.

Madam alinifuata ofisini. "Mwalimu Okari, mtoto yuko sawa. Tuanze ndani ya mabano."

Walimu walikuwa wakisikiliza. Nikamjibu, "Madam, wewe endelea na gredi ya tatu yako."

Wengine walicheka. Alichukua vitabu vyake akatoka.

Kesho yake aliniomba dakika kumi za kipindi changu. Alikuja na chapati sita, kila moja akaikata nusu: vipande kumi na viwili. Wanafunzi ishirini na wanne wakagawana, kipande kimoja kwa watu wawili. "Kila kipande ni cha watu wangapi?" akauliza. "Wawili!" darasa likaitikia. Jina langu hakulitaja. Nilisimama dirishani, masikio yakiniwaka.

Nilirekebisha alama kimya kimya. Sikumwomba radhi Madam wala Lorine. Kila asubuhi Madam alinisalimia vizuri tu, na salamu hiyo ilinichoma kuliko matusi.

Wiki jana, kwenye gwaride, nilimwita Lorine, ambaye sasa yuko gredi ya nane, nikasema mbele ya shule nzima kwamba kosa lilikuwa langu.

"Kwani mwalimu pia hukosea?" akauliza.

"Hukosea," nikasema, "na huchelewa kukiri."

Nikamgeukia Madam, nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe zamani," akasema. "Sasa mwache mtoto akae, jua ni kali."

Madam Bathsheba, asante kwa kutufundisha, watoto na walimu pia. Nenda nyumbani kwa heshima. Tunakuombea afya, amani na siku nyingi za kupumzika.