Daktari Leonida Calimlim na Presha ya Mtaa Mzima

Marehemu Daktari Leonida Calimlim Cayabyab, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1950 mjini Dagupan, binti wa fundi saa, na tangu utotoni, wasemavyo dada zake, alikuwa akitega sikio kifuani mwa kila kiumbe kilichokubali kutulia, kuku wa jirani wakiwemo.

Alisoma Dagupan hadi sekondari, akahitimu udaktari Manila mwaka 1974, na mwaka 1980 akafuzu ubingwa wa moyo.

Tarehe 21 Mei 1977 alifunga ndoa na Bwana Teofilo Cayabyab wa Lingayen, jambo lililowashangaza wengi, kwani yeye alikuwa adui wa chumvi, na ukoo wa mumewe uliishi kwa bagoong, samaki wa kuchachushwa ambao bila chumvi si chochote. Walijaliwa watoto wawili, Remedios na Fidel, waliokula kwa mama yao na kushiba kwa bibi yao, Mama Basilia.

Mwaka 1985 alianza utafiti wa shinikizo la damu hapa Lingayen, akapita nyumba kwa nyumba na koti lake jeupe, akimpima mtu mkono huku akiikodolea macho mitungi yake ya bagoong, na ikaonekana karibu mtaa mzima ni wagonjwa. Aliwaandikia dawa, akianza na mama mkwe, ambaye wiki hiyohiyo alianguka sokoni, presha ikiwa imeshuka mno, akapasuka paji la uso.

"Mwanangu, presha yangu mimi ni wewe," alisema Mama Basilia, kichwa kikiwa kimefungwa bandeji. "Ukiingia inapanda, ukitoka inashuka. Huko Manila hakuna dawa ya mkwe?"

Marehemu hakucheka, alitoka kwenda uani akalia, kisha akamwomba mumewe ampime mama yake kila asubuhi, yeye mwenyewe akiwa amejificha jikoni, na presha, bila dawa yoyote, ikawa ya kawaida kabisa. Alirudi nyumba kwa nyumba, bila koti, akaomba radhi, akawapima upya, akawaachisha dawa wasiozihitaji, na akaiondoa ripoti yake, ingawa wakubwa wake kazini walimwonya kwamba angekosa cheo, na kweli alikikosa.

Tangu hapo utafiti wake ulikuwa juu ya hofu ya mgonjwa mbele ya daktari, akawafundisha vinyozi na wasusi kupima wateja vitini, kwa sharti kwamba uchaguzi usizungumzwe hadi mashine imalize.

Novemba 2017 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akaugua huku akisahihisha miandiko ya madaktari wake, na tarehe 3 Machi 2018 alfajiri alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Basilia, ambaye ana miaka tisini na mmoja na tuko naye hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu, majirani, wafanyakazi wenzake, pamoja na vinyozi waliofunga maduka leo. Chakula kiko tayari nje, kimepikwa kwa maagizo aliyoyaacha mwenyewe, hivyo tunawaomba mle bila kunung'unika, kwani hatatuamuru tena.

Lala, Daktari wetu, upumzike kwa amani.