Damu Ilisema "Bado"

Bwana asifiwe, wapendwa wangu wa Ruhembe! Na wewe jirani yangu Mama Zuhura, uliyekuja kuketi kanisani kwetu leo kwa ajili yangu, asalaam aleikum. Mimi ni Mama Neema. Wengi mnanijua kwa sauti, maana nimeimba kwaya tangu usichana. Leo sikusimama kuimba. Nataka niwasimulie nilichokiona, tangu mwanzo, ili baadaye asitokee wa kukiongezea chumvi.

Ndugu zangu, mambo yalianza msimu wa kuchoma miwa. Mnaujua ule msimu: majivu meusi yanadondokea nguo kambani, na kila nyumba inakohoa. Nami nikakohoa, nikasema ni moshi. Mvua zikaja, moshi ukaisha, wenzangu wakapona, mimi nikaendelea. Nikawa nashindwa kumaliza ubeti. Nikilala chali najiona kama mtu anayezama, kwa hiyo nikawa nalala nimeketi. Miguu ikajaa. Watu wakanisifu, "Mama Neema, ndoa imekukubali!" Nikacheka nao.

Aliyegundua ni Mama Zuhura. Tulikuwa tunachambua mchele barazani kwake, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale.

"Shoga, huu si unono! Haya ni maji. Kesho hospitali, na ukigoma nakupakia kwenye tela la miwa!"

Hospitali walipima damu, wakapiga na picha ya moyo. Wakaniambia kuna mlango ndani ya moyo wangu ulioharibika kidogo kidogo, huenda ni tangu utotoni, kwa homa ya koo ambayo hata siikumbuki. Kila mlango huo unaposhindwa kufunga, damu inarudi nyuma, na maji yanajaa mwilini. Dawa ya kudumu ni kuubadilisha, na haubadilishwi bila kupasuliwa kifua. Nikapewa rufaa ya Dar es Salaam. Mume wangu akanisindikiza, pamoja na kaka yake. Basi liliposimama Mikumi abiria washuke kujinyoosha, mimi sikuweza kufika hata mlangoni.

Huko Dar kijana wa maabara alinisalimu shikamoo, akanifunga mpira mkononi, akatoa damu. Nanyi mnanijua, sikai bila kuuliza.

"Mwanangu, damu hii umeitoa mkononi. Habari za moyo inazijuaje?"

"Mama, moyo ukilemewa na kuvutika kupita kiasi, wenyewe unamwaga kitu fulani kwenye damu. Tukikikuta kingi, tunajua umeelemewa."

"Kwa hiyo moyo unajichongea wenyewe?"

Akacheka. "Ndiyo, mama. Moyo hauna siri."

Ndugu zangu, nilistaajabu! Miaka yote nimeimba habari za damu, na sikujua kwamba hii yangu nayo ina maneno.

Majibu yakaja, na kile kitu kilikuwa kingi mno. Daktari akatuita. "Damu ni shahidi mmoja, picha ni shahidi wa pili," alisema, "na wote wanasema moyo huu umechoka. Tukimpasua leo, hatari ya kutoamka ni kubwa. Bado. Tuanze na dawa za kutoa maji na kuupunguzia moyo mzigo, halafu tutapima tena."

Tulipotoka nje shemeji yangu akasema, "Mmesikia wenyewe. Hata damu yake imekikataa kisu. Mungu amesema hapana. Turudi nyumbani tukaombe."

Mume wangu akainuka. Akaanza kukunja khanga zangu na kuzitia kwenye mfuko. Nami kisu nilikiogopa, kwa hiyo maneno yale yalikuwa matamu masikioni. Lakini mlango mbovu haujirekebishi kwa kurudishwa Ruhembe. Kurudi kulikuwa kurudi kufa.

Hapo Mungu akanikumbusha shamba. Muwa haukatwi hovyo. Unapimwa kwanza maji yake, utamu ujulikane. Yakisema utamu haujafika, kuna mkulima gani wa kwetu anayeng'oa shamba akaenda zake?

Nikamwambia, "Shemeji, wewe ni mkulima. Daktari hakusema hapana. Kasema bado."

Akanitazama. "Mwanamke huyu pumzi hana, lakini maneno anayo!" Akavuta kiti, akaketi. Mume wangu akazitoa khanga kwenye mfuko.

Basi nikameza dawa. Maji yakanitoka hadi wauguzi wakanitania kwamba nimebeba mto Ruaha mzima. Tukapima tena: kile kitu kimepungua, lakini si vya kutosha. Siku ile nililia. Nikamuuliza Mungu, "Hii bado yako ina mwisho?" Kipimo kilichofuata kikashuka vizuri. Daktari hakunidanganya. Alisema hatari haijaisha, imepungua, na kwamba sasa moyo una nguvu ya kuvumilia. Tukashikana mikono, tukaomba, nikaingia chumba cha upasuaji kubadilishiwa ule mlango.

Nikaamka! Haleluya, nikaamka! Muuguzi alikuwa ananitoa damu tena. Mpira wa kupumulia ulikuwa kooni, siwezi kusema, basi nikanyoosha kidole kuuliza ya nini.

"Tunaangalia msuli wa moyo umeumia kiasi gani. Pumzika, mama. Maswali kesho!"

Watu wananiuliza, aliyeniponya ni Mungu au ni madaktari? Mimi nawauliza: ni nani aliyeuumba moyo hivi, kwamba ukilemewa unalia ndani ya damu, ili mwenye ujuzi asikie? Dawa bado nameza, na kliniki nahudhuria. Sikufunguliwa kutoka kwenye vidonge. Nilifunguliwa kutoka kaburini.

Ndugu yangu unayehema ukipanda kilima kidogo, unayelala umeketi na kusema ni moshi, ibada ikiisha nitakuwa benchi la nyuma. Njoo. Nitakuombea, kisha nitapanda gari na wewe hadi hospitali, nikae nawe mpaka uitwe jina. Mtumaini Mungu, na umpe daktari mkono wako achukue damu. Jina la Bwana litukuzwe na sisi sote tunaopumua!